Mtoto Mmoja, Kata ya Makote

Ubao ule niliudai mimi mwenyewe, mbele ya watu, na sijutii. Nalisema hilo mapema kwa sababu wapo wanaodhani kwamba baada ya yaliyotupata nyumbani kwangu niligeuka nikawa mpenzi wa mambo ya kufichaficha. Sikugeuka. Mpaka leo nikiombwa mchango nauliza kwanza unakwenda wapi.

Hapa kwetu Makote palikuwa na kikundi kidogo cha kutetea watoto. Kilikuwa kimepanga chumba kimoja mkabala na mashine ya kusaga, na watu wake wa kila siku walikuwa wawili tu. Mratibu alikuwa mama mstaafu, Myao wa upande wa Masasi, mfupi, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha umsogelee. Alifanya kazi hospitali miaka mingi, na hata baada ya kustaafu sote tulimwita Nesi. Mwenzake, mhasibu, alikuwa baba wa makamo aliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi cha korosho. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, herufi zimelala upande mmoja kama zimepangwa kwa rula. Kazi yao ilikuwa kufuatilia watoto: aliyezuiwa shule, anayepigwa kupita kiasi, aliyefiwa na baba, ndugu wakagawana mikorosho yake. Fedha walizipata kwa wafadhili wachache wa mbali, kwa kanisa, kwa msikiti, na kwetu sisi wakulima. Msimu ukiisha na malipo yakishaingia, kila mtu aliacha kidogo.

Maneno yalianza waliponunua pikipiki. Ilikuwa imeshatumika na mtu mwingine, lakini ilikuwa nyekundu, na mhasibu aliifuta kila asubuhi mpaka ikang'aa. Nesi akipita amekaa nyuma, kitenge amekibana vizuri, watu walikuwa wanaguna: "Korosho zetu hizo zinapita."

Basi wakaitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga mbao. Nikasimama. Mimi ni mkulima, na barazani kwangu nina cherehani, kwa hiyo maneno ya kijiji yote hupitia kwangu wakati watu wanasubiri nguo.

"Nesi," nikasema, "sisi watu wa korosho tumezoea makato. Tukipeleka mzigo ghalani tunakatwa hiki na kile, lakini karatasi tunapewa, tunaona. Ninyi makato yenu ni kiasi gani? Katika hela ninayotoa mimi, mtoto anapata ngapi na pikipiki inapata ngapi?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nesi hakucheka wala hakukasirika.

"Unataka nikujibu wewe, au wote?"

"Wote. Na isiwe kwa mdomo. Andikeni mahali ambapo kila mtu akipita anaona. Kila shilingi."

Haukupita muda, ubao ukatokea. Ulikuwa mbao laini iliyopakwa rangi nyeusi, umepigiliwa ukutani kwa kikundi, unatazamana na foleni ya mashine. Mahali pazuri kuliko pale hapakuwepo. Anayesubiri kusaga makopa ya muhogo hana la kufanya zaidi ya kutazama mbele, na mbele palikuwa na hesabu. Wasiojua kusoma walisomewa. Kodi ya chumba. Mafuta ya pikipiki. Karatasi na kalamu. Sare na viatu vya shule, mtoto mmoja, kitongoji cha juu. Posho ya mhasibu. Posho ya mratibu: hakuna.

Mstari huo wa mwisho ndio uliobishaniwa kuliko yote. "Hakuna namna gani?" watu waliulizana. "Anakula nini?" Bibi mmoja akakata shauri kwamba Nesi ana pensheni yake, na ilikuwa kweli.

Mimi nilikuwa nafurahi. Nilisoma ubao ule kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Niliposoma ile sare ya mtoto wa kitongoji cha juu, nilijiambia kwamba labda kifungo kimoja cha shati lile kimetoka mfukoni kwangu.

Kisha mdogo wangu akafariki, kule Chiwata.

Sitaeleza msiba. Alikuwa ameacha mtoto mmoja wa kike, wa umri wa darasa la tatu au la nne. Baba wa mtoto aliondoka zamani na hakuna aliyejua aliko. Matanga yalipokwisha wazee wakakaa, wakasema mtoto aende kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na wanangu wameshajitegemea. Nilikubali kabla hawajamaliza. Wakati nafunga mizigo, bibi mmoja wa ukoo akanivuta nyuma ya nyumba.

"Huyu huwa anaanguka," aliniambia. "Usimwache peke yake na moto."

Nilikuwa nimeona kovu mkononi mwake, lakini sikuuliza. Bibi akaniambia na la shule. Mwalimu alisema mtoto akae nyumbani kwanza, na hiyo kwanza ilikuwa imekuwa ndefu mpaka watu wakaacha kuihesabu.

Nikaja naye Makote. Alikuwa mtoto wa maneno machache na macho mengi. Aliniita Mama mkubwa kama inavyotakiwa, akaniamkia kila asubuhi, akafagia uwanja bila kutumwa. Wiki zile za mwanzo nilipokuwa napika nilimshika kifundo cha mkono kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine. Aliniachia tu nimshike. Alikuwa ameshazoea kushikwa.

Siku aliyoanguka tulikuwa barazani tunapukuchua mbaazi. Niliona ungo unamwagika, nikadhani amesinzia. Kisha nikaona mwili umekaza, macho yamepinduka, povu linatoka. Nilikuwa sijawahi kuona kwa karibu. Nilichofanya ni kukipakata kichwa chake, nikawa naomba Mungu kwa sauti, nachanganya Kiswahili na Chimakonde. Ilipoisha alilala kidogo, halafu akafungua macho, akanitazama, akatazama mbaazi zilizotapakaa kwenye mchanga.

"Nimevunja kitu?" akaniuliza.

"Hujavunja kitu, mama," nikamjibu. "Hujavunja chochote."

Kesho yake nilikwenda kwa Nesi. Nilikuwa na haya, maana tangu ule mkutano nilikuwa sijawahi kuingia katika chumba kile isipokuwa kwa macho, kutokea kwenye foleni. Nesi hakunikumbusha lolote. Alianza na mtoto.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unaanguka."

Mtoto akanitazama, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Unachougua kinaitwa kifafa," Nesi akamwambia, polepole, kama anamfundisha jina la mji. "Hukukitafuta. Hakiambukizi kwa mate wala kwa kukaa na watu. Na kina dawa."

"Chungu?"

"Kidogo."

Siku hiyohiyo tulikwenda Newala mjini kwa ile pikipiki, tumepanda mshikaki: mhasibu mbele, mtoto katikati, mimi nyuma nimewakumbatia wote wawili. Nilikuwa nimeisema sana pikipiki ile. Mhasibu aliendesha taratibu, kila penye shimo anasimama kabisa kwanza. Daktari akaandika vidonge vya kila jioni. Dawa zikikosekana kliniki, Nesi alikuwa akizinunua duka la dawa Masasi kila alipokwenda kuwatembelea watu wake. Akaenda pia shuleni kwetu, akakaa na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, akawaeleza mtoto akianguka wafanye nini: wamlaze ubavu, waondoe vitu vinavyoweza kumwumiza, wasubiri. Mtoto akapokelewa. Wengine wote shuleni hawakuambiwa.

Vidonge vikafanya kazi yake. Aliendelea kuanguka mara mojamoja, kisha ikapita miezi hajaanguka. Nikaacha kumshika kifundo cha mkono. Aliipata furaha ya kawaida, ile ya kuchelewa kurudi kwa sababu ya mchezo wa rede, na akapata rafiki, binti wa jirani yangu wa nyumba ya tatu. Walikuwa wakila ming'oko, ile mizizi ya porini, pamoja kwenye sahani moja, wanakunywa maji kikombe kimoja, wanavaliana kandambili. Jioni nikimpa kidonge alikuwa anakimeza bila kusumbua, macho yapo nje kwa mwenzake.

Siku moja akarudi mapema, mkononi ana kikombe cha plastiki cha kijani.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Mama wa rafiki yangu kanipa. Kasema kiwe changu. Nikienda kwao niwe naenda nacho."

Alinieleza bila kulia, kama mtu anayeleta habari tu. Mimi ndiye niliyekaa chini. Nikamwuliza kama amemkosea yule mama. Akasema hapana. Nikamwuliza kama ameanguka huko. Akasema hapana, hajaanguka popote.

Kesho yake nikapeleka makopa kusaga; nilikuwa sijafika mashineni kwa wiki kadhaa. Kwa kawaida pale tunabanana, ndoo zinagusana, mtu anakuegemea huku anakusimulia. Siku hiyo walinipisha. Walinipisha kwa adabu, wakaniacha na nafasi kubwa kuliko niliyohitaji. Mazungumzo yakapungua. Nikainua macho kutafuta pa kutazama, na kwenye ubao, katika mwandiko ule mzuri, nikasoma:

Dawa za kifafa, mtoto mmoja, kata ya Makote.

Na kiasi cha fedha mbele yake.

Makote ina watoto wengi, lakini ni nani aliyeleta mtoto mgeni kutoka Chiwata? Nani alionekana na mtoto kwenye mshikaki, akienda mjini siku isiyo ya soko? Wangeandika jina lake ingekuwa afadhali, maana majina hufanana. Hakuna mtoto mwingine aliyefanana na mstari ule.

Niliacha ndoo yangu hapohapo, nikavuka, nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Nesi alikuwa anakunja nguo za mtumba za watoto, anazitenga kwa ukubwa.

"Kaa kwanza," akasema alipoona uso wangu.

"Sikai. Mmemwandika mwanangu ukutani."

"Hatujaandika jina."

"Jina la nini? Mashine nzima inamjua. Jirani yangu amempa kikombe chake peke yake, kama mgonjwa wa wodini. Mtoto hajaanguka miezi, Nesi. Miezi! Wenzake walikuwa hawajui."

Nesi aliweka chini gauni dogo alilokuwa amelishika. Akasema, "Ulisema kila shilingi."

Hakusema ili anishinde. Alisema kama mtu aliyepotea njia anayejaribu kukumbuka aligeukia wapi.

"Nilisema shilingi," nikamjibu. "Sikusema mtoto."

Alinyanyuka. Akachovya pembe ya kanga yake kwenye ndoo ya maji ya kunawa, akatoka nje, na mbele ya wanawake wote wa foleni akaufuta ule mstari. Alikuwa mfupi, ilimbidi asimame kwenye ncha za vidole. Pale pakabaki doa jeupe la chaki iliyolowana, likavuta macho kuliko maandishi yalivyovuta. Mhasibu akatoka, akalitazama doa, akatazama chini ya ubao kwenye jumla.

"Sasa hesabu hazijumlishi," akasema kwa huzuni.

Ilikuwa kweli. Kabla ya jua kuzama, mtu alikuwa ameshajumlisha mistari iliyobaki na kuuliza fedha nyingine zimekwenda wapi. Siku mbili hazikupita, watu wakawa wanasema zimeliwa. Nesi akaitisha mkutano.

Tukarudi kwenye yale madawati. Nesi akaeleza kwamba kuna mstari ameufuta yeye kwa mkono wake, na fedha zake zilitumika kama ilivyoandikwa, ila mstari ule ulimwonyesha mtoto. Hakusema mtoto gani, na alipokuwa anazungumza alitazama dirishani ili asinitazame mimi. Mzee mmoja, mkulima wa mikorosho mingi, akasimama.

"Mimi sina ugomvi na mtoto yeyote," akasema. "Lakini mkianza kufunika kamstari kamoja, mwakani mtafunika pikipiki nzima."

Watu wakacheka. Mimi nilijua kwamba mwaka uliopita maneno hayo ningeyasema mimi, na kwa sauti kubwa zaidi. Nilitaka kusimama nikashindwa, maana kusimama kungekuwa kumnyanyua mtoto wangu juu ya dawati watu wamwone vizuri.

Aliyesimama ni mama mmoja wa kitongoji cha juu, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mkutanoni. Alikuwa na mtoto mgongoni.

"Ile sare na viatu vilikuwa vya mwanangu," akasema. "Nilishukuru. Nashukuru mpaka leo. Lakini tangu vilipoandikwa sijasaga hapa. Naenda mashine ya mbali kule, na ndoo kichwani, ili nisisimame mbele ya ule ubao watu wanisome."

Akakaa. Nilikumbuka jinsi nilivyoufurahia mstari ule, na jinsi nilivyojihesabia kifungo cha shati. Sikuwahi kujiuliza shati lenyewe linavaliwa na nani, wala mama yake anapita wapi.

Mjadala ukaendelea mrefu, na haukuwa wa kupendeza wote. Wapo waliosema anayesaidiwa hana haki ya kuchagua. Wapo waliosema basi tusiandike kabisa, na yule mzee akawapinga kwa nguvu, nami moyoni nikawa upande wa mzee. Mwisho tukakubaliana hivi: ubao ubaki na uonyeshe fedha zote, zilizoingia na zilizotoka, kwa mafungu. Matibabu kiasi fulani, shule kiasi fulani, nauli, kodi, pikipiki, posho. Hapatakuwa na mtoto mmoja wa mahali fulani. Risiti zote zikae ofisini, na sisi tuchague watu watatu wa kwenda kuzikagua moja moja kila baada ya miezi kadhaa, kisha waje kutuambia kama zinalingana na ubao. Watoto watakaowaona katika risiti hizo wawaache humohumo.

Mzee akachaguliwa wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyeongea zaidi. Mtu akanitaja na mimi. Nikasema nina nguo nyingi za kushona. Nesi akanitazama kidogo, akauliza nani mwingine.

Mhasibu akaupaka ubao rangi upya, akaandika mafungu yake, na jumla ikajumlisha. Nikapumua. Nilidhani yameisha.

Siku hiyo mtoto alitoka shule akapita moja kwa moja ndani. Chakula hakukigusa, kisamvu cha karanga anachokipenda kikapoa. Jioni nilipompa kidonge akakishika kiganjani, akakitazama.

"Mama mkubwa, vimebaki vingapi?"

"Vipo vya kutosha."

"Vikiisha?"

"Tutapata vingine."

"Nani atatoa? Wamenifuta."

"Wamekufuta wapi?"

"Ubaoni. Nilikuwepo. Mtoto mmoja, kata ya Makote. Nilikuwa hapo kila siku, nikienda shule najiona, nikirudi najiona. Halafu pakawa na doa. Sasa hata doa halipo."

Alikuwa hajalia kwa kikombe, na sasa alilia kwa mstari. Nikamvuta nikamweka mapajani ingawa miguu yake ilikuwa mirefu ikagusa sakafu. Wakati mimi naona haya, yeye alikuwa anapita pale asubuhi na mchana kuhakikisha kwamba bado yupo. Huko Chiwata aliambiwa akae nyumbani, na watu wakanyamaza. Hapa palikuwa na ukuta uliosema kuna mtoto mmoja, na kuna fedha iliyotengwa kwa ajili yake.

"Nani alikuambia ni wewe?" nikamwuliza.

"Nilijua mwenyewe. Nikamwonyesha rafiki yangu. Nikamwambia, huyo mmoja ni mimi."

Nikafumba macho. Kumbe nyumba ya jirani ilipata habari kutoka kwake mwenyewe, tena kwa majivuno.

"Yeye akasemaje?"

"Akasema na yeye anataka kuandikwa."

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, na yeye akanitazama kwa kutoelewa, machozi bado yapo mashavuni. Kisha akakimeza kidonge.

Asubuhi nikampeleka ofisini kabla ya shule. Nesi alikuwa hayupo, yupo mhasibu anafuta pikipiki. Nikamweleza. Hakucheka. Alining'iniza kitambaa kwenye usukani, akamshika mtoto bega, wakasimama mbele ya ubao, nami nikabaki nyuma yao.

"Soma hapa," akamwambia.

"Matibabu."

"Enhe. Wewe upo humu."

"Wapi?"

"Humu ndani. Hii hesabu ukiifungua, unatoka wewe. Mko wengi kidogo."

"Wengi? Na wao wanaanguka?"

"Wengine wana mengine."

"Kina nani?"

"Hilo siwezi kukuambia. Na wao siwaambii habari zako."

Akafikiri. Alikuwa na tabia ya kukunja kidole gumba ndani ya kiganja akifikiri.

"Nikitaka kusema mimi mwenyewe?"

Mhasibu akageuka kunitazama, kama karani anayepeleka swali kwa mkubwa wake. Na kweli lilikuwa swali langu. Nilifikiria ule uwazi mkubwa walioniachia kwenye foleni. Nilitaka kumwambia asiseme kamwe, mahali popote, mpaka awe mtu mzima.

"Ukitaka kusema wewe, sema," nikamwambia. "Ni lako. Lakini asikusemee mtu mwingine, hata mimi."

Akaridhika, akaondoka kwenda shule anaruka mguu mmoja.

Jirani yangu alikuja baada ya siku kadhaa, amebeba kitambaa cha sare. Tulikuwa hatujazungumza vizuri tangu kile kikombe. Tulisalimiana na kuulizana habari za nyumbani, kisha nikachukua futi nikaanza kumpima binti yake, ambaye alikuwa hatulii. Nilipomaliza, mama akamwambia binti aende akacheze. Yeye akabaki amesimama, anashikashika upindo wa kitambaa.

"Mama," akaniambia, "hivi zile dawa zinapatikana vipi?"

"Dawa zipi?"

"Za mtoto wako. Nina mtoto wa kaka yangu, kule Mnyambe. Naye anaanguka. Kaka hataki mtu ajue, mtoto anafungiwa ndani wageni wakija. Nilipousoma ule mstari ndipo nikajua kumbe ugonjwa huo una dawa, tena dawa za hapa hapa. Nikawa sijui nikuulize vipi. Halafu nikaogopa kwa ajili ya binti yangu. Nikafanya lile la kikombe."

Nilikuwa na maneno mengi niliyokuwa nimeyatunza, makali, niliyoyashona vizuri nikiwa nakanyaga cherehani. Nikayatafuta, nikaona hayana pa kwenda.

"Mtoto wako alilia?" akauliza.

"Kwa kikombe, hapana."

"Wangu alilia. Hakuongea na mimi siku nzima."

Nikamwambia akae. Nikamweleza yale ambayo Nesi alinieleza mimi, kwa maneno ya Nesi kadiri nilivyoyakumbuka, na kesho yake tukaenda wote wawili ofisini. Nesi akampokea kama alivyonipokea. Ilichukua safari kadhaa za ile pikipiki mpaka yule kaka alipokubali kufungua mlango.

Ikawa siku moja tupo kwenye foleni, watu wanausoma ubao na kubishana kwa nini fungu la matibabu limepanda. Mmoja akasema hapo pana namna. Yule mzee wa mikorosho, ambaye siku hizo alikuwa ameshaingia ofisini na miwani yake kukagua risiti, alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama.

"Nimeziona zote," akasema. "Ziko sawa."

"Kwani kaumwa nani?"

"Nimesema ziko sawa." Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Jirani yangu alikuwa kando yangu. Hakunitazama, nami sikumtazama. Tulitazama tu unga unavyoshuka kwenye ndoo ya mtu wa mbele.

Binti yangu sasa yupo darasa la sita. Naandika binti yangu kwa sababu ndivyo alivyo, ingawa bado ananiita Mama mkubwa. Vidonge anaendelea navyo. Msimu huu wa korosho alianguka mara moja, shuleni, katikati ya somo. Waliponiletea habari nilitoka mbio, nikaacha nguo ya mtu chini ya sindano. Nilifika nikihema, nikamkuta nyuma ya darasa, amekaa kivulini na rafiki yake, wanakula mabibo, maji ya mabibo yanawachuruzika mpaka viwikoni. Mwalimu alikuwa amemlaza ubavu, amemngoja, kisha amemruhusu apumzike. Rafiki yake alikuwa amemshikia daftari na kumnakilia somo, asipitwe.

Walinitazama wote wawili, mimi na jasho langu.

"Mama mkubwa," akasema, "kanga umeivaa juu chini."

Nikainama nikaona maandishi yamepinduka. Wakacheka mpaka wakapaliwa. Nikaivua, nikaigeuza, nikaifunga upya, nikarudi nyumbani polepole.